Nani Atanunua Cheche?

Mvua ndiyo iliyomwingiza Mafuta kwenye duka la santuri. Kwa hiari yake asingeingia, kwani muziki haukumhusu. Yeye alikuwa mtu wa maneno, na maneno yake yalikuwa hayashikiki: ukidhani umeyakamata, yameshateleza na pochi yako yamekwenda nayo. Ndiyo maana mji mzima ulimwita Mafuta, wachache kwa mapenzi, wengi kwa uchungu.

Alisimama karibu na mlango akijikung'uta suti yake ya kijivu. Alikuwa nayo hiyo hiyo moja, ila alivyoivaa ungedhani nyumbani kaacha zingine kumi. Mbele yake wateja wawili walikuwa wakibishana juu ya albamu moja yenye jalada jekundu.

"Weka chini hiyo," alisema mwenye miwani. "Cheche nawapenda tangu nina nywele. Vibao hivi kumi na viwili vyote ninavyo nyumbani. Ninunue mara ya pili, nina wazimu?"

"Mimi sina hata kimoja," alijibu mwenzake.

"Basi kama umekaa miaka yote hiyo bila kuwa navyo na hukufa, utaishi tu."

Wakacheka, wakairudisha albamu rafuni. Mvua ilipopungua wakaenda zao.

Mzee mwenye duka akashusha pumzi. "Umesikia? Ndiyo wimbo wa kila siku huo. Anayewapenda Cheche, nyimbo zote anazo. Asiyewapenda, hataki kuzisikia. Nina maboksi kumi huko nyuma, kila boksi santuri thelathini. Tangu zije nimeuza mbili, na moja ikarudishwa."

"Ni bendi ya zamani?"

"Kijana, wewe ulikuwa wapi? Hao walikuwa wakipiga roki mpaka vioo vya jirani vinadondoka. Sasa wamezeeka, kampuni ikawakusanyia vibao vyao bora, ikaniletea mimi mzigo."

Kabla Mafuta hajajibu, mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamume wa makamo aliyevaa miwani ya jua siku ya mvua, na suruali ya ngozi iliyokuwa ikimdai pumzi kila hatua. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akaitoa ile albamu nyekundu nyuma na kuiweka mbele, ikafunika za watu wengine.

"Hii ya Cheche," aliuliza kwa sauti ya mtu mwenye mafua ya kujitakia, "watu wanaionaje?"

"Wanaiona," alisema mzee. "Hawainunui."

Yule bwana akakaza shingo, akatoka bila kuaga.

"Huyo ndiye mwimbaji wao," mzee alinong'ona. "Huja kila Jumanne, anadhani simjui. Alhamisi huja mpiga gitaa, ambaye ni shemeji yake, naye kajificha chini ya kofia. Swali ni lile lile. Tangu albamu itoke wenyewe hawasalimiani. Huyu anasema yule kahonga kampuni iweke nyimbo zake mwanzo, yule anasema huyu ndiye kahonga."

Mafuta alihisi joto tamu likimpanda kifuani, kama lile wanalolisikia watu wengine wakiwa kwenye ibada. Katika mji mzima walikuwako watu wawili tu waliotaka kwa moyo wote albamu ile inunuliwe, na hao wawili ndio walioitengeneza. Sasa kwa nini usimuuzie mwenye njaa?

"Mzee," alisema kwa upole, "haya maboksi kumi nikiyachukua yote, utaniachia kwa bei gani?"

"Kesho anakuja mnunuzi wa karatasi chakavu. Nipe kile atakachonipa yeye, na Mungu akubariki."

Mafuta alitoa hela palepale. Mzee akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake akipanda gari lisilo na breki.

Siku ya pili Mafuta alikuwa na mhuri, faili jeusi na kadi mia sita zilizochapwa vizuri: *Kamati ya Kumbukumbu za Muziki. Nani ndiye moyo wa Cheche? Weka alama moja: Mwimbaji. Mpiga gitaa. Mpiga dramu.* Kila santuri akaitilia kadi moja, nyingine akaziweka akiba. Halafu akaenda stesheni ya treni.

Mwimbaji siku hizi alikuwa mtangazaji wa stesheni. Sauti iliyowahi kupasua vioo sasa ilitangaza treni ya saa nne, na kwa kuwa mazoea yana taabu, alikuwa akiivuta ile "saa nneee" mpaka abiria wa saa nne wanaachwa. Mafuta alimkuta kwenye kibanda chake cha vioo, akijitazama kwenye kioo kimojawapo.

"Mkuu, samahani kwa kukukatisha kazi. Mimi ni katibu wa Kamati ya Kumbukumbu za Muziki."

"Sijawahi kuisikia."

"Ndiyo maana inaaminika," alisema Mafuta. "Hatupigi kelele. Kamati imeamua kutundika picha kwenye lango la ukumbi wa muziki. Picha moja tu, ya mtu mmoja wa Cheche. Wananchi wanapiga kura kwa kununua albamu. Albamu moja, kura moja."

Mwimbaji alivua miwani. "Picha ya ukubwa gani?"

"Mita tatu kwa mbili."

"Ya rangi?"

"Kwa sura kama yako, mkuu, nyeusi na nyeupe ingekuwa dhambi."

Mwimbaji akajitazama tena kwenye kioo. Treni ikaingia, ikatoka, hakuna aliyeitangaza. "Na shemeji yangu naye anagombea?"

"Kanuni haziniruhusu kusema lolote." Mafuta akachungulia kulia na kushoto, akainamisha kichwa. "Ila jana kuna mtu kanunua maboksi mawili kwa mpigo. Alikuwa na kofia."

"Niletee matatu," alisema mwimbaji.

Saa nane mchana Mafuta alikuwa kwenye karakana ya mpiga gitaa, ambaye sasa alikuwa fundi wa friji na redio. Karakana ilikuwa uani kwa nyumba yake. Mbele, upande wa barabarani, mkewe alikuwa na duka la dobi. Fundi alisikiliza habari za picha huku akiishika albamu kwa vidole viwili, kama kitu kilichooza.

"Angalia jalada hili," alilalamika. "Wamechapa picha kinyume. Mimi napigia mkono wa kulia, hapa wamenifanya mtu wa mashoto! Na ile solo yangu ya dakika nne wameikata, zimebaki sekunde arobaini. Hiyo ni solo au ni kupiga chafya?"

"Historia inaweza kukuomba radhi, fundi," alisema Mafuta. "Pale langoni, mita tatu kwa mbili, gitaa likiwa mkono wa kulia."

"Shemeji kanunua ngapi?"

"Kanuni..."

"Achana na kanuni. Ngapi?"

"Matatu."

"Lete manne."

Mambo yakaenda hivyo kwa wiki tatu, na uzuri wa kazi ile ulikuwa kwenye kanuni ya nne, ambayo Mafuta aliitunga akiwa anakunywa chai. Kanuni ya nne ilisema kwamba albamu zikishapigiwa kura zirudishwe kwa Kamati zihifadhiwe mpaka siku ya matokeo, ili kusiwe na udanganyifu. Kwa hiyo maboksi aliyoyanunua mwimbaji Jumatatu yalirudi kwa Mafuta Jumatano, yakatiwa kadi mpya, yakanunuliwa na fundi Alhamisi. Santuri zilezile zilizunguka mji kama daktari wa zamu. Mwimbaji aliuza pikipiki yake. Fundi aliuza friji tatu ambazo, kusema kweli, hazikuwa zake zote. Mafuta alinunua viatu vya ngozi, akaanza kufikiria suti ya pili.

Katika hesabu zake zote alimsahau mtu mmoja, yule wa mwisho kwenye kadi. Mpiga dramu wa Cheche alikuwa mwanamke. Alikuwa mdogo wake mwimbaji na mke wa fundi, na ndiye aliyekuwa na duka la dobi. Miaka yote ile alikaa nyuma ya wanaume hao wawili, kwanza jukwaani, halafu katika maisha. Tangu wanuniane, kakake alikuwa haji tena kula nao Jumapili. Kiti chake kilikaa kitupu mezani, na fundi alikuwa akikiwekea kofia ili kisionekane.  Yeye dobi alipiga pasi, na wakati mwingine, duka likiwa halina mteja, alipigapiga meza kwa vipini viwili vya mifagio mpaka vifungo vikaruka.

Siku moja alipeleka mashati ya kakake aliyoyanyoosha. Sebuleni kwa mwimbaji yalipangwa maboksi matano. Kwenye la juu palikuwa na doa la mafuta ya mashine, mviringo usiofungika vizuri upande mmoja, kama herufi ya mtoto anayejifunza kuandika. Dobi akaweka mashati chini. Mtu aliyeishi na madoa miaka ishirini hulitambua doa kama unavyomtambua jirani yako. Doa lile alilijua, alikuwa ameliona wiki iliyopita uani kwake, mumewe alipoweka kopo bovu juu ya boksi, naye akamgombeza.

"Kaka, haya maboksi umeyatoa wapi?"

"Ni siri ya Kamati," alisema mwimbaji.

"Kesho saa kumi uje dukani kwangu. Usipokuja, mashati yako utayafua mwenyewe mpaka unazeeka."

Akaja. Alimkuta shemeji yake amekaa upande wa pili wa meza ya kupigia pasi, kaangalia ukuta. Naye akakaa, akaangalia ukuta mwingine. Dobi alisimama katikati, pasi mkononi, ikitoa mvuke.

"Mume wangu, katika wiki tatu hizi umejipigia kura ngapi?"

Fundi alikohoa. "Mia mbili na arobaini hivi."

"Kaka?"

"Mia mbili na sabini," alisema mwimbaji, na pamoja na aibu yote, sauti yake ilikuwa na ushindi kidogo.

"Jumla mia tano na kumi. Na mzee wa duka la santuri kaniambia albamu mjini zipo mia tatu tu. Mnaelewa, au niwachoree?" Akawaeleza habari za doa. Alipomaliza, pasi tu ndiyo iliyokuwa ikipumua.

"Twende polisi!" alifoka mwimbaji.

"Ukawaambie nini? Kwamba mtu mzima na mvi zako umejipigia kura mia mbili na sabini ubandikwe ukutani?"

Fundi ndiye aliyeanza. Mabega yakamtikisika, halafu kicheko kikamtoka puani. Mwimbaji akajaribu kujizuia, akashindwa, wakacheka mpaka wakashikana mikono juu ya meza bila kujua.

"Shemeji," alisema fundi akifuta machozi, "mia mbili na sabini!"

"Ningekuwa na pikipiki nyingine ningefikisha mia tatu!"

"Mmemaliza?" aliuliza dobi. "Nina swali moja tu lililobaki. Mimi nilipata kura ngapi?"

Kicheko kikafa. Mwimbaji akatazama viatu vyake. Fundi akaanza kuuchunguza waya wa pasi kama fundi aliyeitwa kazini.

"Sifuri," alisema dobi. "Vizuri. Basi kuanzia leo nyinyi wawili mtafanya ninachowaambia."

Wote wawili wakasogeza viti karibu na meza.

Mafuta hakuwahi kuamini jambo aliloambiwa usoni. Yeye mwenyewe aliwaambia watu mambo usoni kila siku, na alijua thamani yake. Aliamini lile tu alilolisikia kwa kuiba. Kwa hiyo Jumanne alipopita kwenye duka la santuri, akamkuta mzee kageukia ukuta, anaongea na simu kwa sauti ya chini, masikio yake yalisimama yenyewe.

"Ndiyo, bwana, ile yenye picha iliyochapwa kinyume... mpiga gitaa wa mashoto, ndiyo, hiyo hiyo... Unasema walichapa mia tatu tu?... Kwa kila moja? Bwana, hiyo ni bei ya ng'ombe!... Hapana, sinazo. Niliziuza kama karatasi chakavu!" Mzee akajipiga paji la uso kwa kiganja. "Zote mia tatu kwa pamoja, moja ikikosekana hutaki? Jumamosi saa nne? Nitajaribu, bwana, nitajaribu."

Upande wa pili wa simu ile hakukuwa na bwana. Alikuwako dobi dukani kwake, akikunja shuka la mteja na kumwambia mzee, "Sasa jipige kichwa, lakini asione unacheka." Mzee alikuwa amekubali kazi ile kabla hajamaliza kuelezwa. Ni yeye aliyeuza tiketi za onyesho la kwanza la Cheche.

Mafuta alitoka akijifanya hakuona kitu, na alipoipita kona ya kwanza akaanza kukimbia. Kamati yenye kanuni ya nne haikuwa na wasiwasi. Maboksi matano yalikuwa kwa mwimbaji, matano kwa fundi. Angeyachukua bure.

"Mkuu," alimwambia mwimbaji, "Kamati inahitaji albamu zake leo."

"Kura chukua," alisema mwimbaji akimkabidhi bahasha. "Albamu nakaa nazo. Nimekuwa nikizisikiliza jioni. Zimenizoea."

"Lakini kanuni ya nne..."

"Niliisoma. Haisemi 'lazima'. Wewe mwenyewe ndiye uliyeandika, au siyo?"

Mafuta akahesabu kwa vidole. Jumamosi ilikuwa mbali kwa siku nne tu, na bei ya ng'ombe mara mia tatu ilikuwa ikicheza ngoma kichwani mwake. "Basi, kwa heshima yako, Kamati itazinunua. Bei uliyotoa."

"Hela si kitu kwangu," alisema mwimbaji kwa huzuni kubwa, na ilikuwa kazi yake bora tangu astaafu jukwaa. "Lakini kumbukumbu... Mara tatu ya bei."

Mafuta alilipa. Akaenda karakana. Fundi alikuwa tayari ameshapigiwa simu.

"Mara tatu?" alisema fundi. "Shemeji ana huruma sana. Mimi kwenye jalada nimekuwa mtu wa mashoto, mateso yangu yana bei yake. Mara nne."

"Fundi, tuongee kiutu uzima."

"Mara tano, kwa sababu umenikatisha kazi."

Pesa za wiki tatu zilikuwa zimeishia kwenye boksi la tano. Kwa la sita mpaka la tisa Mafuta alitoa akiba aliyoificha kwenye godoro. Kwa la kumi akavua viatu vipya vya ngozi, akatoka na raba za fundi zilizotoboka kidole gumba. Hakujali. Njiani akisukuma mkokoteni alikuwa akiichagulia suti yake ya pili rangi.

Jumamosi saa nne alikuwa kwenye duka la santuri na maboksi kumi. Saa tano alikuwa bado yupo. Saa sita mzee alianza kufagia kuzunguka miguu yake.

"Mzee, huyo mnunuzi..."

"Mnunuzi gani?" aliuliza mzee, macho meupe kama ya mtoto.

 Mafuta akaketi juu ya boksi moja, akanyoosha miguu, akaangalia kidole gumba chake kikichungulia nje. Alikuwa mtu wa kazi ile, na mtu wa kazi huitambua kazi nzuri akiiona. "Ni nani?" aliuliza. "Si hao wawili. Hao hawana akili hiyo."

"Unamkumbuka yule wa tatu kwenye kadi?"

"Yule niliyemweka ili kadi ijae?"

"Huyo huyo," alisema mzee, akaendelea kufagia.

Chumba cha Mafuta kilikuwa kidogo, na maboksi kumi yalikifanya kidogo zaidi. Alilala juu ya Cheche, akala juu ya Cheche. Kwa kuwa hakuwa na hela ya kwenda popote, siku ya tatu aliazima gramafoni ya jirani, akaweka santuri moja aone ni kitu gani hasa alichouza mara zote hizo.

Wimbo wa kwanza ulimfanya akae. Wa pili ulimfanya ainuke. Nyuma ya kelele za mwimbaji na mbwembwe za gitaa palikuwa na dramu, thabiti, isiyojisifu, iliyobeba kila kitu mgongoni kama mtu anayehamisha nyumba nzima peke yake. Alisikiliza upande wa kwanza mara tatu, halafu akageuza. Ilipoisha, alikuwa na hasira. Wiki zote zile alikuwa akiuza kitu kizuri, na hakuna aliyemwambia.

Mwezi uliofuata Cheche walipiga tena, Jumapili saa tisa mchana, kwenye ukumbi wa shule. Mji mzima ukaja. Mafuta aliweka meza nje ya lango na albamu zake mia tatu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akauza kwa kusema kweli.

"Jamani, nunueni hii, ni nzuri!" aliwaambia. "Wimbo wa kwanza utakukalisha, wa pili utakuinua! Upande wa pili wimbo wa nne umepwaya, sitawaficha, lakini nyingine zote ni dhahabu!"

Watu walimtambua. Wakashika pochi zao, wakapita mbali kidogo.

Ndani, meza nyingine ilikuwa ikiuza santuri mpya ya Cheche, waliyorekodi mwezi uliotangulia, solo ya dakika nne ikiwa nzima. Jinsi walivyopata hela ya kurekodi, Mafuta hakuhitaji kuuliza. Onyesho lilipokwisha, kijana wa kike mwenye gitaa mgongoni alisimama mbele ya meza yake, akailinganisha albamu nyekundu na ile mpya aliyoishika mtu wa jirani.

"Kaka, niambie ukweli. Ninunue ipi?"

Mafuta alifungua kinywa. Maneno yalikuwa tayari, laini, yamejipanga kama siku zote. Akayameza.

"Ile ya ndani," alisema. "Dramu inasikika vizuri zaidi."

Yule binti akashukuru, akaenda. Mafuta akafunga maboksi yake, akayaacha pale pale, akaingia kwenye foleni nyuma ya watu ishirini. Mezani alikuwa amekaa dobi mwenyewe, shati limemlowa jasho kwa ile kazi ya saa mbili nzima.

"Moja," alisema Mafuta. Akatoa hela zake za mwisho, akazitandaza, akakohoa. "Shemeji, kwa mteja kama mimi, bei ya kupunguzana haipo?"

Dobi alimtazama kuanzia kola mpaka kidole gumba.

"Haipo," alisema, akampa santuri yake.